Siku Thierry Alipoinua Kamba

Vijana wake walimwona akishuka kwenye pikipiki pale njia panda, na kabla hajafika walishajua kwamba mshahara haukuja. Placide Kashindi alikuwa na mwendo wake wa kurudi kutoka Uvira mikono mitupu: alivua kofia, akaishika mkononi, akatembea akitazama pembeni kama mtu anayekagua mihogo ya watu. Siku hiyo kofia ilikuwa mkononi.

Alipofika kwenye benchi ya nje ya poste ya polisi aliketi, akavua viatu, akakung'uta vumbi.

"Wamesema nini, komanda?" aliuliza Achille.

"Wamesema iko njiani."

Achille alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuchoka, akarudi nyuma ya nyumba kwenye matofali yake. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inamlisha sasa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi masikioni, na alifyatua matofali akiwa amevaa suruali ya sare kwa sababu hakuwa na suruali nyingine ya kuchafua.

Polisi wa Kiringye walizidi kupungua. Mmoja aliomba ruhusa ya kwenda kuzika kwao Fizi, hakurudi. Mwingine, Donatien, alihamia Kavimvira, akavua sare, na sasa alikuwa anabadilisha pesa za Warundi pale mpakani. Alipokutana na Placide alimnunulia soda kwa huruma, naye Placide aliinywa kwa aibu. Waliobaki pale poste walikuwa Placide mwenyewe, Achille wa matofali, na Thierry.

Thierry hakuuliza habari za mshahara siku hiyo. Aliendelea kufagia uwanja, akifagia mahali palepale alipokwisha kupafagia.

Huyu Thierry alikuwa kijana wa kutoka milimani, Lemera, na aliingia polisi kwa kupenda. Wengine waliingia kwa kukosa pa kwenda, yeye aliipenda kazi. Alipoletwa Kiringye hakujua kuandika mashitaka. Placide alimfundisha jioni baada ya jioni, akimshika mkono kama mtoto wa shule, mpaka maandishi yake yakawa mazuri kuliko ya mwalimu wake. Alilala kwenye nyumba ya Placide, alikula sahani moja na Placide, alimwita mukubwa. Mke na watoto wa Placide walikuwa Uvira, na huku kwenye bonde mtu wake wa kuzungumza naye alikuwa huyo. Thierry alipooa Blandine, binti wa mwalimu wa shule, Placide ndiye aliyesimama upande wa baba.

Sasa Blandine alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Alipasuliwa, kwenye materinite moja, hospitali ya uzazi ya njia ya Lubarika, na kupasuliwa ni gharama. Mwanamke aliyejifungua na kushindwa kulipa hafungwi kwa kufuli. Anahamishiwa tu chumba cha nyuma, na mlinzi wa geti anaijua sura yake. Blandine alikuwa kwenye chumba hicho cha nyuma. Kidonda kilikuwa kimepona, mtoto alikuwa ameanza kucheka, na wao bado walikuwa mle ndani, wakila chakula walicholetewa na ndugu za wagonjwa wengine.

Jioni ile, Placide alipokuwa anawasha moto, Thierry alikuja akachuchumaa karibu naye.

"Mukubwa, niko na neno."

"Sema."

"Ijumaa ni soko. Unipatie kamba. Siku moja tu. Nitasimama na heshima, sitapiga muntu, sitatukana muntu. Kila pikipiki itatoa kidogo, na minye nitaenda kulipa, kutosha bibi yangu kule hopitali."

Placide aliendelea kupuliza moto. Alijua siku hiyo itafika, akawa anaomba isifike.

Kwenye poste nyingine za barabara ile kamba ilikuwa kitu cha kila siku. Unaifunga kwenye mti upande huu, unaishika upande ule, unailaza chini kwenye vumbi. Pikipiki ikija unaiinua. Wenye pikipiki walizoea, wakatoa, wakapita. Placide alipokabidhiwa Kiringye aliikuta kamba, akaiviringisha, akaitupa stoo. Tangu hapo wakulima wa Kiringye walipokwenda mbali walijisifu kwa ajili yake. Walisema kwetu kwa Placide hakuna kamba. Alikuwa amelisikia neno hilo kwa masikio yake mwenyewe, kwa watu wasiomjua, ndani ya gari la kwenda Uvira, na hakuwahi kumwambia mtu jinsi lilivyomfurahisha. Mshahara ulikuwa hauji, cheo kilikuwa hakipandi, sare alijinunulia sokoni mwenyewe. Neno hilo ndilo lililobaki.

"Hapana, Thierry," alisema.

"Mukubwa, mutoto anakua ndani ya hopitali."

"Najua."

"Blandine haniulizi tena nitakuya lini. Zamani alikuwa ananiuliza."

"Nitarudi Uvira. Nitaongea na wakubwa, nitaongea na padri, nitakopa kwa muntu. Lakini kamba hapana. Si hapa kwangu."

Thierry aliinuka. Halafu akasema, "Sawa, komanda." Hakusema mukubwa. Placide alilisikia hilo, likamchoma, lakini bugali ulikuwa unataka kusongwa, akausonga.

Unga wa bugali ule ulikuwa wa Mama Apollinarie. Yeye alikuwa na shamba la mihogo upande wa mtoni, na kila alipopita mbele ya poste na mzigo wake aliwaachia kidogo, unga, au fungu la sombe, majani ya mihogo, na mara moja hata kuku aliyevunjika mguu. Polisi walisimama mguu sawa na kumpigia saluti kama jenerali, naye alicheka mpaka akaushika mzigo kichwani usianguke.

"Minye sitaki muntu wa bunduki alale na njaa karibu na nyumba yangu," alikuwa anasema. "Nawapatia kwa sababu nawaogopa."

Hakuwa anawaogopa hata kidogo. Thierry alimwita mama, na Blandine alipokuwa na mimba mama huyo ndiye aliyempelekea udongo wa kulamba.

Ijumaa ilipofika, Gaspard, chifu wa pale kijijini, alimtuma mtu kumwita Placide. Ndugu wawili walikuwa wamechomoleana mapanga juu ya mpaka wa shamba. Achille alikuwa kwenye matofali. Placide alimwacha Thierry peke yake kwenye poste, na alipokuwa anaondoka alimtazama usoni, akaona uso mtulivu, akaamini utulivu ule.

Mambo ya mpaka yalichukua muda. Walikuwa wanapima kwa hatua, kila ndugu akizikataa hatua za mwenzake, ndipo wakasikia kelele kutoka barabarani. Kwanza Placide alidhani ni ya sokoni. Kisha akasikia wanawake, na sauti ile ya wanawake haikuwa ya sokoni. Alikimbia.

Alikuta pikipiki imelala ubavu, tairi bado linazunguka polepole, nyanya zimetapakaa barabara nzima. Mwendesha pikipiki alikuwa amekaa kando akishika goti. Katikati ya barabara, karibu na jiwe la daraja dogo la mfereji, Thierry alikuwa amepiga magoti akiwa amemshika Mama Apollinarie kichwa kwenye mapaja yake.

"Mama, nyamuka," alikuwa anasema. "Mama, samahani. Mama, nyamuka basi."

Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mkaratusi, na upande wake wa pili ulikuwa chini, mahali ulipoachwa.

Ilivyotokea Placide aliisikia baadaye, kwa wengi, na wote walisema vilevile. Mwendesha pikipiki aliona kamba imelazwa, akajiambia, kwa Placide hakuna kamba, huyu kijana ananitania, akaongeza mwendo. Thierry akainua. Hakuwa na mazoezi. Wanaoifanya kazi hiyo kila siku wanajua kuinua mapema na kushusha haraka. Yeye alichelewa kuinua, na alipoinua aliinua kweli. Mwendesha pikipiki aliinama, kamba ikampita mgongoni ikamkuta mama aliyeketi nyuma, ikamwangusha kwenye jiwe la daraja.

Mama Apollinarie hakupumua tena. Placide alimgusa shingo, akamfumba macho, akamtandikia koti lake la sare.

Watu walikuwa wanatoka sokoni wakikimbia, na kila aliyefika aliuliza ni nani, akaambiwa, akaanza kulia au kutukana. Mtu alileta tairi. Mwingine alitaka mafuta ya pikipiki. Placide alimkamata Thierry kwapani, akamvuta mpaka poste, akamsukuma ndani ya kasho, chumba kile kidogo walichofungia wezi wa mbuzi, akasimama mlangoni. Achille alitoka nyuma na mikono yake ya udongo, akasimama pembeni yake. Mawe ya kwanza yaligonga mabati.

"Mutoe!" walipiga kelele. "Mutoe, Placide, ao tunachoma na weye!"

Placide hakuinyanyua bunduki. Aliwajua kwa majina. Wengi wao aliwahi kuwarudishia mbuzi.

Ndipo watu wakaanza kupisha. Léocadie, binti wa Mama Apollinarie, alikuwa anakuja, hana viatu, kikwembe kimemlegea kiunoni. Alikuwa ametoka kumtazama mama yake. Magoti yake yalikuwa na vumbi la barabara. Alimpita Placide kama vile hakumwona, akasimama mbele ya tundu la mlango wa kasho.

"Thierry."

Aligonga mlango kwa kiganja.

"Thierry, nakuuliza. Ulimuona kama ni yeye?"

"Nilimuona, dada," sauti ilijibu. "Wakati nilimuona, kamba ilikuwa ishapanda."

Léocadie aliegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango. Watu walimngoja. Alipogeuka, uso wake haukuwa na machozi.

"Rudini," alisema. "Mama yangu hatalala na harufu ya muntu mwenye kuchomwa. Rudini, mukuye tumubebe."

Kijana mmoja mwenye tairi alitaka kubisha. Mama mzee mmoja alimnyang'anya tairi lile akalisukuma mferejini. Léocadie alimgeukia Placide kwa mara ya kwanza.

"Komanda, mupeleke Uvira. Kwa sheria. Najua ni mutoto wako. Nakuomba kitu kimoja tu: usimuachilie njiani."

"Simuachilii," alisema Placide.

Alipiga simu Uvira. Waliomba aeleze, akaeleza. Wakasema gari lipo lakini mafuta hayapo, amlete mwenyewe. Kulipopambazuka waliondoka kwa miguu, wawili tu, kabla watu hawajaamka vizuri. Pingu alizitoa, lakini ufunguo wake ulipotea zamani, akazirudisha. Thierry alitembea mbele kidogo, amevaa shati la kiraia la Achille, mikono huru, kichwa chini. Kulikuwa na umande kwenye mihogo na moshi wa nyumba za kwanza.

Walipofika mahali njia ya Lubarika inapoachana na barabara kubwa, Thierry alisimama.

"Mukubwa," alisema. "Niache nimuone. Kisha tutaenda."

Placide alimtazama. Alifikiria ahadi yake kwa Léocadie. Alifikiria pia geti la nyuma la materinite ile, linalotokea kwenye mashamba ya mpunga, na mashamba yale yanavyofika mpaka Ruzizi, na ng'ambo ya Ruzizi ni nchi nyingine. Wazo lilikuja lenyewe, likakaa kifuani mwake, naye hakulifukuza upesi.

"Twende," alisema.

Blandine alikuwa anaanika nguo za mtoto kwenye uzio. Aliwaona kwa mbali, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akawatambua. Halafu akafanya kitu ambacho Placide hakuweza kukisahau maisha yake yote: aliziondoa nguo zile mbichi kwenye uzio, moja moja, upesi upesi, akakimbia nazo ndani.

Walipoingia chumba cha nyuma walimkuta ameshatandaza kikwembe sakafuni na anafunga mzigo. Sufuria, blanketi, bilauri ya plastiki. Wanawake wengine wa chumba kile, wale waliokuwa hawajakombolewa, walikuwa wamekaa vitandani wakimtazama kwa wivu na furaha. Mmoja alikuwa ameshambeba mtoto ili Blandine afunge vizuri.

"Nilijua!" Blandine alisema, akicheka na kuhema. "Nilijua komanda hataacha. Niliwaambia hawa, siku mutaona komanda anakuja yeye mwenyewe, mujue naenda. Thierry, mbona umevaa shati ya Achille? Shika hapa, nifunge."

Thierry alipiga magoti, akashika ncha ya kikwembe kama alivyoambiwa. Blandine alifunga fundo. Kisha aliona mume wake bado ameishika ncha ile, akainua macho, akamtazama, akamtazama Placide mlangoni.

"Nini?"

"Blandine," alisema Thierry. "Nimeua Mama Apollinarie."

Alieleza mwenyewe. Placide alitaka kumsaidia, lakini Thierry alisema yote, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kuandika mashitaka: mahali, tendo, nani alikuwepo. Yule mwanamke aliyembeba mtoto alirudi nyuma mpaka ukutani. Blandine hakulia. Aliuliza, "Mama Apollinarie wa udongo?" kama vile kulikuwa na mwingine, na alipoitikiwa alikaa chini juu ya mzigo wake.

Placide alitoka nje. Alikwenda mbali, mpaka kwenye kivuli cha jengo la mbele, mahali ambapo asingeliona geti la nyuma hata kama angetaka. Alijua anachokifanya. Aliketi pale na bunduki magotini, na moyo wake ulikuwa unasema mambo mawili kwa pamoja: kimbia, mwanangu, na usikimbie. Akilini alimwona Léocadie mbele ya mlango wa kasho. Alikaa muda ambao mtu mwenye miguu mizuri angekuwa ameshayapita mashamba ya mpunga.

Akasikia hatua. Thierry alikuwa amesimama mbele yake, macho mekundu, na kwenye bega la shati la Achille kulikuwa na alama ya maziwa ya mtoto.

"Twende, mukubwa," alisema. "Jua linapanda."

Placide alisimama kwa shida. Hakujua kama alichokihisi ni nafuu au ni kitu kingine. Walirudi barabarani, na lori la mihogo likawabeba hadi Uvira, wamekaa juu ya magunia. Kavimvira lori lilipunguza mwendo kwa sababu ya msongamano wa mpakani, na Donatien, yule aliyevua sare, aliwaona kutoka kwenye meza yake ya kubadilisha pesa. Alifurahi, akapunga mikono yote miwili, akaita, "Thierry! Umekuya kutembea?" Thierry alimpungia mkono naye. Kulia milima, kushoto ziwa limetulia, linang'aa mpaka Burundi. Mtoto wa milimani yule hakulitazama.

Ofisa aliyewapokea alikuwa na kalamu nzuri na hakuwa mtu mbaya. Aliandika jina, aliandika mahali. Alifika kwenye sababu.

"Alikuwa anatafuta nini na kamba?"

"Alikuwa anatafuta kutosha bibi yake materinite," alisema Placide.

Ofisa alisimamisha kalamu. Alitazama dirishani kidogo. Viatu vyake mwenyewe, Placide aliviona chini ya meza, vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa nyavu.

"Hiyo hatuandiki," alisema, akaendelea.

Walipomchukua ndani, Thierry aligeuka mara moja. Placide alitaka kusema neno la baba. Lililomtoka lilikuwa, "Ukule," na mlango ukafungwa.

Honorine, mke wa Placide, alimkuta mume wake amekaa ufukweni mahali mke huyo anapoanikia ndagala, dagaa wa ziwani, amevaa sare, katikati ya mchana, na watu wanampita. Alimwongoza nyumbani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliingia chumbani, akatoka na vikwembe vyake vizuri, vile alivyovitunza kwa ajili ya harusi ya binti yao Déborah, bado vina harufu ya duka. Aliviweka mezani.

"Polisi imekula ujana wangu," alisema. "Sasa ikule na hivi. Twende tutoshe ule mutoto."

Viliuzwa, na padri aliongezea, na mganga mkuu wa materinite alisamehe kiasi. Blandine alitoka asubuhi moja yenye mawingu. Mzigo wake ulikuwa bado umefungwa fundo lilelile. Hakuwa ameufungua tangu siku ile. Baba yake mwalimu alikuja kumchukua. Blandine alimshukuru Honorine kwa mikono miwili. Kwa Placide alisimama, mtoto mgongoni, akamtazama kwa muda.

"Kwenye poste zingine wanainua kamba kila siku," alisema. "Kila siku, komanda. Na hakuna muntu anakufa. Kama ungemukubalia, ungesimama naye. Weye unajua kazi. Ungemwambia, inua sasa, shusha sasa. Alikuwa yeye peke yake."

"Blandine, mwanangu..."

"Sikuchukii," alisema. "Nilitaka tu ujue nawaza hivyo."

Akaondoka, akipanda taratibu kuelekea milimani nyuma ya baba yake, mkono mmoja tumboni mahali pa kidonda. Honorine alimshika mume wake mkono. Placide alisimama pale mpaka wakapotea kwenye kona. Alikuwa amesimama imara mbele ya wakubwa, mbele ya umati wenye tairi. Kwa maneno hayo hakupata utetezi, na kila alipokuja kuyarudia usiku aliyakuta yamekaa palepale.

Thierry alihukumiwa miaka mingi, akapelekwa gereza la Bukavu. Mshahara ulikuja, nusu, msimu wa mahindi. Achille alipokea chake, akashukuru, akanunua suruali nyingine, akaivua ile ya sare, akaikunja vizuri mezani, akaenda kwenye matofali moja kwa moja. Placide aliandika Uvira kuomba watu. Walimjibu kwamba wako njiani. Angeweza kuacha naye. Honorine alimwomba. Alirudi Kiringye tu, na mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini. Labda kwa sababu kuondoka kungekuwa kumwacha Mama Apollinarie pale barabarani mara ya pili. Alifungua mlango asubuhi, alifunga jioni. Watu walipita mbele ya poste wakitazama upande wa pili. Hakuna aliyemtukana. Unga alinunua.

Mvua zilipoanza tena, asubuhi moja, alisikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa Léocadie. Alikuwa amekonda. Placide alisimama haraka hadi kiti kikaanguka.

"Karibu, dada. Ikala."

"Nitasimama." Alitazama ukuta juu ya kichwa chake. "Ng'ombe za watu zimeingia kwenye shamba ya mama. Zimekula mihogo yote ya upande wa mtoni. Niko nakuya kushitaki."

"Ni ng'ombe za nani?"

"Kama ningejua ningekuya kwako?"

Placide alichukua karatasi, akaanza kuandika. Jina la mshitaki, mahali anapokaa, kazi yake. Kisha akafika mahali panapofuata siku zote, jina la baba na jina la mama, na kama wako hai. Hakuuliza. Aliandika mwenyewe, akijikunja juu ya karatasi ili mkono umfiche.

"Uliza," alisema Léocadie.

"Dada, najua..."

"Wengine unawauliza. Na minye uliniuliza mwaka ule mbuzi zetu ziliibiwa. Uliza."

Placide aliweka kalamu, akaichukua tena. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo kidogo kwenye mabati.

"Mama anaitwa nani?"

"Apollinarie."

"Iko muzima ao alikufa?"

Léocadie sasa alimtazama usoni, kwa mara ya pili tu tangu siku ile, na midomo yake ilijikaza kama ya mtoto anayejizuia.

"Alikufa," alisema. Alilia palepale kwa kusimama, mikono ikining'inia, bila kujifunika uso. Placide alibaki nyuma ya meza. Hakuthubutu kumsogelea, wala hakuthubutu kuendelea kuandika. Alimngoja hadi alipomaliza, akipangusa uso kwa ncha ya kikwembe.

"Twende ukaone shamba," alisema Léocadie. "Mvua itafuta nyayo."

Placide alifunga poste. Walishuka kuelekea mtoni kwenye matope, Léocadie mbele na polisi nyuma, mbali mbali, na njia nzima hakugeuka kumtazama. Shambani mihogo ilikuwa imekanyagwa na kulazwa, mistari yote ile mama aliyoipanda kwa mkono wake. Placide aliinama kwenye kwato za kwanza, akaanza kuzifuata zilikoelekea.